Jinsi ya kueleza ugonjwa kwa Kiingereza mbele ya daktari wa ughaibuni

Msemaji wa Kiswahili anayehamia Uingereza au Marekani kwa kawaida hufika huko akiwa na majina ya magonjwa. Amesoma shuleni "malaria", "typhoid" na "pneumonia", na nyumbani amezoea kuingia kwa daktari akisema nina malaria, nina taifodi, nina presha, kisha akaelekezwa maabara. Katika chumba cha daktari wa Birmingham au Minneapolis majina hayo humsaidia kidogo tu, kwa sababu daktari wa huko huanza kwa kuuliza mwili unahisi nini, wapi, tangu lini na kwa namna gani. Mgonjwa anayetaja ugonjwa badala ya dalili humpa hukumu kabla ya ushahidi. Mwongozo huu unashika njia moja tangu mwanzo: eleza mwili, na jina la ugonjwa mwachie daktari, isipokuwa kwa magonjwa uliyokwisha kupimwa na kuambiwa unayo. Maneno yanayohitajika ni mepesi kuliko wengi wanavyodhani, na kwa sehemu kubwa ni maneno ya kila siku.

Sentensi ya kwanza

Miadi na daktari wa familia nchini Uingereza, yule ambaye wenyeji humwita "GP", mara nyingi huchukua takriban dakika 10. Akikuuliza "How are you?", adabu tuliyolelewa nayo hutusukuma kujibu salama kwanza na shida baadaye, na wapo wagonjwa wanaosema "I'm fine, thank you" huku wameshika ubavu. Jibu tu "Not very well, doctor", kisha uende moja kwa moja: "I've had a pain here for three days." Sentensi hiyo fupi imebeba maumivu, mahali na muda, nayo inatosha kumfanya daktari aanze kuuliza maswali sahihi. Ukiwa na shida mbili, anza na ile inayokutia hofu zaidi, maana anayeibakiza hadi mwisho huishia kuitaja akiwa ameshika kitasa cha mlango.

Kuna jambo la sarufi hapa ambalo si la kupuuzwa. Sisi husema naumwa tangu Jumatatu, kwa wakati uliopo, lakini Kiingereza hutumia "I've had" kwa hali inayoendelea na "I've been" kwa tendo linalojirudia: "I've been vomiting since Monday", "I've been coughing for two weeks". Neno "since" hufuatwa na siku jambo lilipoanza, na "for" hufuatwa na urefu wa muda. Ukichanganya hayo mawili daktari atakuelewa bado. Kosa lenye madhara ni kusema "I had a pain in my chest", kwa sababu anayesikia ataelewa kwamba maumivu yalikuwepo na sasa yamekwisha, na huenda akapunguza haraka yake wakati wewe bado unaumia.

Saa nazo zinahitaji uangalifu wa pekee. Maumivu yaliyoanza saa tatu usiku yalianza "at nine o'clock at night", na miadi ya "half past two" ni saa nane na nusu mchana. Mtu aliyezoea saa za Kiswahili anaweza kugeuza hesabu hiyo vizuri akiwa mzima, kisha akaikosea akiwa na homa, kwa hiyo ni salama zaidi kuiandika kwenye karatasi kabla ya kutoka nyumbani. Tarehe pia hubadilika kwa nchi: 4/7 kwa Mwingereza ni tarehe 4 Julai, ilhali kwa Mmarekani ni Aprili 7. Na neno juzi, ambalo kwetu linaweza kunyooka hadi wiki nzima, lisigeuzwe moja kwa moja kuwa "the day before yesterday" kama hukukusudia siku hiyohiyo. Taja jina la siku.

Mahali panapouma na jinsi panavyouma

Kiswahili hutumia mkono kwa kiungo chote kuanzia begani hadi vidoleni, na mguu kwa kiungo chote kuanzia pajani hadi unyayoni. Kiingereza hukigawa kila kimoja: "arm" na "hand", "leg" na "foot". Kidole cha mkononi ni "finger", cha mguuni ni "toe". Mgonjwa wa kisukari mwenye kidonda unyayoni akipiga simu na kusema "I have a wound on my leg", muuguzi huenda akampangia miadi ya wiki ijayo, wakati "I have diabetes and I have a wound on my foot" ni maneno yanayoweza kumfanya aonwe mapema sana, kwa kuwa kidonda cha mguu wa mwenye kisukari huchukuliwa kuwa jambo la haraka. Tumbo nalo ni pana: sehemu ya juu unaweza kuiita "upper tummy" na ya chini "lower tummy", na hakuna aibu kutumia neno hilo la "tummy" mbele ya daktari wa Uingereza, kwani yeye mwenyewe atalitumia. Kiuno kwetu ni pamoja na nyuma, ubavuni na nyonga. Kwa Kiingereza chagua kati ya "lower back" na "hip". Pale unapokwama, gusa mahali hapo kwa kidole na useme "here", kisha uonyeshe yanakosambaa: "It goes down to here."

Matamshi yanaweza kuungana na hayo kuleta mkanganyiko. Irabu yetu ya a huyapokea maneno "heart", "hurt" na "hut" kana kwamba ni neno moja, na mgonjwa anayesema moyo wangu unauma akasikika akisema maneno mawili yanayofanana hupoteza dakika za thamani. Weka kiganja kifuani huku ukizungumza.

Aina ya maumivu ndiyo sehemu tajiri kuliko zote, na ndipo Kiswahili chetu kinapokuwa na hazina ambayo wengi huiacha mlangoni. Tumbo linalosokota au kukeketa ni "cramping", yaani maumivu yanayokuja kwa mawimbi na kuachia. Kichwa kinachopwita ni "throbbing". Kifua kinachobana ni "tight", na sentensi yake ni "My chest feels tight". Mwili unaouma wote, kama siku ya homa, ni "My whole body aches". Ganzi ni "numb", na ule mchonyoto wa sindano ndogondogo unaofuata ganzi huitwa "pins and needles". Kuwashwa ni "itching". Mwenye kutumia neno kuchoma anapaswa kutulia kidogo, kwa sababu kwetu moto huchoma na kisu huchoma, lakini kwa daktari hayo ni maumivu mawili yenye njia tofauti za uchunguzi. Kuchoma kwa moto, kama kiungulia au mkojo unaouma wakati wa kutoka, ni "burning". Kuchoma kwa ncha, kama kichomi kinachokata pumzi, ni "stabbing" au "sharp", na ukiongeza "It's worse when I breathe in" umempa daktari nusu ya kazi yake.

Utaulizwa pia uyapime maumivu kwa namba, sifuri yakiwa hayapo na 10 yakiwa makali yasiyowazika. Malezi yetu ya kuvumilia huwafanya wengi kusema nne huku jasho likiwatoka. Namba hiyo hutumika kuamua dawa na foleni, kwa hiyo sema ile ya kweli, na uiunganishe na jambo: "It's an eight. I couldn't sleep and I can't stand up straight." Mwenye selimundu hana haja ya kuanza mbali, aseme papo hapo "I have sickle cell and I'm having a crisis", maana miongozo ya Uingereza inaelekeza apewe dawa ya maumivu ndani ya dakika 30 tangu afike hospitali.

Maneno yanayokwenda kombo

Presha na sukari ni mifano ya wazi. "I have pressure" kwa Mwingereza ni mtu aliyelemewa na kazi, au mwenye kitu kinachomkandamiza. Sema "I have high blood pressure". "I have sugar" huenda ikaeleweka kwa wazee wa kusini mwa Marekani, lakini kwingine sema "I have diabetes". Anayesema nina kifua huwa anakusudia kikohozi, pumu au kubanwa, na kila moja lina jina lake: "a cough", "asthma", "I'm short of breath". Kiungulia ni "heartburn", na licha ya jina hilo si ugonjwa wa moyo. Nina mawazo, kwa maana ya mtu asiyelala kwa huzuni au wasiwasi, haifai kugeuzwa kuwa "I have thoughts". Sema "I feel very low", "I worry all the time", "I can't sleep". Na ikiwa mtu anafikiria kujiua, aseme hivyo kwa maneno ya wazi, "I'm thinking of killing myself", kwa sababu hapo fumbo humchelewesha anayetaka kumsaidia. Marekani kuna namba 988 kwa ajili ya hali hiyo.

Upande wa pili yapo maneno ya Kiingereza yanayomhadaa msikilizaji wetu. Nchini Uingereza "I've been sick twice" humaanisha nimetapika mara mbili, na "I feel sick" ni kichefuchefu. Mmarekani akisema "sick" mara nyingi anakusudia kuumwa kwa jumla. "Surgery" ni upasuaji, lakini Uingereza ni pia ofisi ya daktari wa familia, kwa hiyo barua inayokuita "to the surgery" haikuiti kupasuliwa. "Drugs" huweza kuwa dawa za hospitali, ila swali la "Do you take any drugs?" mara nyingi ni kuhusu bangi na dawa za kulevya, na dawa ulizoandikiwa ni "medication". Jibu la kipimo lililo "positive" si lazima liwe habari njema. Limekuta kile kilichokuwa kinatafutwa. "Chronic" ni ugonjwa wa muda mrefu, hata kama ni mwepesi, na "acute" ni ule ulioanza ghafla. "Discharge" ni kuruhusiwa kutoka hospitali, na pia ni ute au usaha unaotoka mwilini. Muktadha ndio unaoamua.

Hatari kubwa kuliko hizo imo katika ndiyo na hapana. Daktari anauliza: "You're not allergic to penicillin?" Kwa Kiswahili, asiye na mzio hujibu ndiyo, akikubaliana na alichosema daktari, na mwenye mzio hujibu hapana, akimkatalia. Kwa Kiingereza ni kinyume: asiye nao hujibu "No", mwenye nao hujibu "Yes, I am". Fikiria mgonjwa aliyewahi kuvimba uso kwa penisilini akijibu "No" kwa nia ya kumkatalia daktari, na daktari akaandika kwamba hana mzio. Dawa ya jambo hili ni kuacha kabisa kujibu maswali ya namna hiyo kwa neno moja. Jibu kwa sentensi kamili: "I am allergic to penicillin. My face swelled up." Au: "I'm not allergic to anything."

Mambo ya faragha hayahitaji lugha ya mitaani wala ya kitabibu. Hedhi ni "period", na ukiulizwa tarehe ya ile ya mwisho, taja siku ilipoanza. Kwenda haja kubwa ni "open your bowels" au "poo", na kidogo ni "pass water" au "wee". Sehemu za siri zinaweza kuitwa "private parts", halafu daktari ataendelea kwa maswali. Mama anayetaka kuhudumiwa na mwanamke mwenzake ana haki ya kuomba: "Could I see a female doctor, please?" Na anayetaka mtu wa tatu awepo wakati wa kuchunguzwa aombe "a chaperone".

Homa baada ya safari

Hapa ndipo ninapoondoa katazo nililoweka mwanzoni kuhusu kutaja jina la ugonjwa. Homa kwetu inaweza kuwa joto la mwili, mafua makali au malaria yenyewe; Kiingereza kina "fever" kwa joto, "a cold" kwa mafua, "flu" kwa homa ya mafua. Mtu aliyerudi kutoka Kigoma, Kisumu au Goma, akaamka wiki mbili baadaye anatetemeka, akasema tu "I have flu", anaweza kurudishwa nyumbani na kuambiwa anywe maji na apumzike. Malaria inaweza kujitokeza wiki au miezi baada ya safari, na aliyeishi Ulaya miaka mingi huwa amepoteza sehemu kubwa ya kinga aliyokua nayo utotoni, hata kama yeye mwenyewe haamini hivyo. Sema pasipo kusubiri kuulizwa: "I came back from Tanzania two weeks ago. I have a fever and I'm shivering. I need a malaria test today." Neno "today" lisikose, na kama ulitumia dawa za kinga safarini litaje hilo pia, ukijua kwamba haliondoi ulazima wa kupimwa.

Simu ya dharura

Uingereza ni 999 au 112, Marekani ni 911. Kwa shida isiyo ya kutishia maisha, Uingereza kuna 111. Mpokeaji wa 999 atauliza kwanza unataka huduma gani, nawe ujibu "Ambulance". Toa anwani mapema, kwa sababu simu ikikatika gari litajua pa kwenda. Atauliza "Is the patient breathing?" na "Is the patient awake?", na majibu yawe mafupi. Mtu aliyezimia "has passed out" au "has collapsed"; usiseme "has passed away", kwa kuwa hiyo ni kufariki. Mtoto mwenye degedege "is having a seizure", na Mwingereza huweza kusema pia "a fit". Kwa kiharusi eleza unachokiona: "His face has dropped on one side. His left arm is weak. He can't speak properly. It started at ten past eight." Saa ya kuanza ina uzito mkubwa, kwa kuwa matibabu ya kuyeyusha damu iliyoganda huwa na kikomo cha saa chache. Kama Kiingereza kinakutoka kwa hofu, maneno mawili "Swahili interpreter" yanatosha kuanzia.

Vipimo na dawa

Mwenye kuagizwa kipimo cha "fasting blood test" asidhani ni funga ya Ramadhani. Chakula hakiruhusiwi kwa saa kadhaa, lakini maji matupu kwa kawaida huruhusiwa, na kukaa bila maji kunaweza kufanya mshipa uwe mgumu kupatikana. Tofauti ni pale unapoambiwa "nil by mouth", yaani usile wala kunywa, kabla ya upasuaji: hapo fuata saa uliyopewa, na uulize kuhusu maji na dawa zako. Mwenye kufunga kwa ibada amwambie daktari "I'm fasting for Ramadan", ili dozi zipangwe upya ikiwezekana.

Dawa ileile hubeba majina tofauti. Paracetamol ya Uingereza na Afrika Mashariki, ambayo wengi tunaiita Panadol, Marekani huitwa acetaminophen na huuzwa kwa jina la Tylenol. Wapo wanaonunua zote mbili wakidhani ni dawa mbili na kupitisha kikomo cha mtu mzima cha gramu 4 kwa siku, kiasi kinachoweza kuliharibu ini. Marekani joto la mwili husomwa kwa farenihaiti, ambapo 100.4 ni sawa na selsiasi 38. Sukari ya damu nayo hupimwa kwa vipimo viwili: 7 ya Uingereza ni 126 ya Marekani, kwa hiyo taja kipimo pamoja na namba. Kwenye kibandiko cha dawa, "on an empty stomach" ni kabla ya kula, "as needed" ni pale tu unapohitaji, na "finish the course" ni kumaliza dawa zote hata ukijisikia umepona. Na ikiwa unatumia mitishamba, mwarobaini au nyinginezo, sema "I also take herbal medicine" na uipeleke uionyeshe. Anayeficha kwa kuogopa kudharauliwa huhatarisha mwili wake, kwani dawa hizo zinaweza kugongana na za hospitali.

Mkalimani

Kujifunza maneno haya hakukuondolei haki ya mkalimani. Katika huduma za afya za umma za Uingereza mkalimani ni bure kwa mgonjwa, na Marekani kifungu cha 1557 cha sheria ya afya ya mwaka 2010, pamoja na kanuni zake, kinazitaka hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu kumpatia mgonjwa mkalimani stahiki bila malipo. Mtoto asitumike kutafsiri habari za mama yake. Ni mzigo asioustahili, na tena ataruka yale anayoyaonea haya. Omba wakati wa kuweka miadi: "I need a Swahili interpreter, please." Mwenye Kiswahili cha Bukavu au Lubumbashi aongeze "Swahili from Congo", ili asiletewe mtu wanayepishana kwa maneno. Mkalimani akiwepo mtazame daktari, zungumza kwa sentensi fupi, na usikubali mazungumzo ya dakika tano yarudi kwako kama neno moja, sema "Please tell me everything the doctor said."

Kabla ya kuinuka kitini, rudia ulichoelewa kwa maneno yako: "So I take one tablet in the morning and one at night, for seven days. Is that right?" Kisha uliza "What should I look out for?" na "When should I come back?", na uombe majibu yaandikwe: "Could you write that down for me, please?"